Mpini wa Wembe: Kutoka Pembe hadi Mpingo

Wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, hauna mambo mengi: chuma kilichonolewa, vibao viwili vyembamba vya mpini, kabari ndogo ya kuvitenganisha, na vijiti vya shaba vinavyogongwa hadi vikashika. Watu husifu chuma. Riziki yangu mimi iko kwenye vibao, kwa hiyo historia hii nitaisimulia kwa upande wa mpini, ambao unatuhusu watu wa pwani kuliko wengi wanavyodhani.

Mji wa Sheffield, Uingereza, ulijipatia jina kwa visu na nyembe, hasa baada ya Benjamin Huntsman kugundua, katika miaka ya 1740, namna ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo. Mafundi wa kule waligawana kazi: huyu anafua, yule anachonga makali, wa tatu anatia mpini. Mpini wa mtu wa kawaida ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, iliyolainishwa kwa moto na kukandamizwa katika kalibu mpaka ikashika umbo. Tajiri alitaka pembe ya ndovu.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu upande huu wa Afrika. Wapagazi walizibeba mabegani kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, majahazi yakazivusha Unguja, zikapimwa kwa frasila, kisha zikasafirishwa Bombay, London na Marekani. Kampuni ya Joseph Rodgers ya Sheffield ilikuwa na ghala zima la pembe kwa ajili ya mipini. Aliyezibeba alilipwa vitambaa na shanga. Aliyezikata vibao alilipwa kama fundi.

Mwaka 1903 King Camp Gillette alianza kuuza wembe wa kubadilisha, na katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Marekani likawagawia askari wake. Waliporudi makwao hawakuuacha. Wakati huo selulodi, aina ya plastiki, nayo ilikwisha kuchukua nafasi ya pembe kwenye nyembe za bei nafuu. Kisha mwaka 1989 nchi za CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Waliobaki wakiupenda wembe wa kukunja, na wanaofufua nyembe za babu zao, wakageukia miti.

Mti wanaouulizia sana ni mpingo. Meta moja ya ujazo ya mpingo mkavu hupita kilo 1,200, ndiyo maana ukiutupa majini unazama. Lakini kinyozi hahitaji uzito. Anahitaji yale mafuta ya asili ndani ya kiini, yanayozuia maji ya sabuni yasipenye. Kwa sababu hiyohiyo watengenezaji wa klarineti na obo wameung'ang'ania tangu karne ya 19. Tatizo ni kwamba mti huu huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na mara nyingi shina lake limepinda au lina uwazi ndani.

Mimi sikati mti. Napita kwenye viwanda vya kupasulia mbao nikitafuta mabaki. Klarineti haitaki fundo wala ufa, kwa hiyo sehemu kubwa ya gogo hukataliwa. Kibao cha wembe ni sentimita 15 kwa urefu na milimita 3 kwa unene. Kipande kilichomshinda mwenye klarineti kinanitosha mimi. Kabla ya kulipa naangalia alama ya nyundo ya maliasili kwenye gogo, kisha nadai risiti. Huku Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009, vikawa vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mbao yenye asili kama hiyo naweza kumweleza mteja bila kumung'unya maneno.

Kipande kikifika karakana, napaka nta ncha zote mbili siku hiyohiyo, kwa maana unyevu hukimbilia nchani na hapo ndipo ufa unapoanzia. Nakiweka kivulini, juani kamwe. Nakipima uzito kila mwezi, na uzito usiposhuka tena ndipo nakipasua. Nachagua nyuzi zilizonyooka urefu wote wa kibao, kwa sababu nyuzi zilizokatiza zitavunjika penye tundu. Nikitoboa kwa keekee natanguliza ncha nyembamba. Kabla ya gundi nafuta uso kwa spiriti, la sivyo mafuta ya mpingo huikataa gundi. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Bila barakoa siligusi. Mwisho ni msasa, kuanzia 120 hadi 600, na mpingo unang'aa wenyewe bila vanishi.

Pembe zetu ziliuzwa kwa frasila, na faida ya ufundi ikabaki Sheffield. Mpingo nao tukiuuza kwa gogo, hesabu itakuwa ileile. Kijana mwenye tupa na subira, nenda kiwandani ukaombe mabaki, dai risiti, kausha kivulini, na uuze kibao kilichokamilika.