Pombe ya Asali na Majira ya Misitu ya Mpanda

Wahenga walisema, "Fuata nyuki ule asali." Katika nchi ya Mpanda maneno haya si mfano tu, bali ni historia ya nchi yenyewe. Mwaka 1871 Stanley, alipokuwa akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, alipita Ukonongo. Akaandika habari za ndege aitaye watu kwa sauti na kuwaongoza hata penye nyuki, na jinsi Wakonongo walivyokuwa hodari wa kumfuata. Basi twaona ya kuwa kazi ya asali ni ya kale kuliko mji wa Mpanda.

Asali hiyo haikuliwa tu. Nyingine ilitiwa maji ikafanywa pombe, ambayo watu wengi wa bara huiita wanzuki; na ndani ya jina hilo twasikia neno nzuki, yaani nyuki. Wakati wa utawala wa Wajerumani, nta nayo ilikuwa bidhaa kubwa ya misitu ya bara, ikapelekwa pwani na kuvushwa hata Ulaya. Hivyo mzinga mmoja ulimpa mtu chakula, kinywaji na fedha.

Yafaa tueleze jinsi pombe hii ipatikanavyo. Katika asali sukari ni kama sehemu nne katika tano, na maji ni haba. Kwa hiyo asali nzito haichachi. Ikitiwa maji, chachu huanza kazi, hula sukari na kuigeuza kuwa kileo na hewa. Ikiachwa mpaka sukari iishe, pombe huwa kali isiyo na utamu. Ikinywewa mapema, utamu hubaki pamoja na ukali.

Wajerumani nao wana jambo kama hili. Wanayo mizabibu iitwayo Riesling, ambayo jina lake laonekana katika hati ya mwaka 1435. Zabibu zake huchelewa kuiva, na katika nchi ya baridi huhifadhi uchachu wake. Mtengenezaji akiipoza divai kabla chachu haijamaliza sukari, hupata divai iliyo nusu tamu. Lakini ustadi wake hautoshi: jua likikosekana mwaka ule, zabibu hazipati sukari ya kutosha, wala hakuna utamu wa kubakiza.

Ndivyo ilivyo kwetu. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua, mtundu na myombo hutoa majani mapya mekundu, kisha maua. Mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, na ikielekea kwisha, miti mingine ya jamii hiyo huchanua. Baada ya maua hayo huja mavuno makubwa ya asali, ndiyo ya Juni na Julai. Mvua ikiharibika, maua huwa machache, na mrina asali hushuka mtini na chombo kitupu.

Watu wengi wakisimulia historia ya Mpanda huanza na mgodi wa risasi na reli itokayo Kaliua, iliyofika mwaka 1950. Kweli, mambo hayo yaliukuza mji. Walakini mgodi ulifungwa mwaka 1960, nao nyuki hawakufunga kazi yao. Mwaka 2012 Katavi ulipofanywa mkoa, asali ya Inyonga ilikuwa ingali ikiuzwa.

Hata hivyo tusijisifu bure. Mababu walichuna magome ya miti kufanya mizinga, na mti uliochunwa gome pande zote hufa. Wakati watu walipokuwa wachache na msitu mwingi, hasara hiyo haikuonekana. Siku hizi miti hukatwa pia kwa mashamba, kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku. Mizinga ya mbao imepunguza uchunaji wa magome, lakini mzinga bora hauwezi kutoa asali pasipo maua.

Mkulima wa zabibu akikosa mavuno mwaka huu, mizabibu yake ingaliko, naye hungoja mwaka ujao. Sisi tukiukata mtundu, twangoja nini? Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu wawapeleke watoto msituni wakati wa maua, wajifunze majina ya miti kwa wazee wangali hai, wajue ni mti upi uwapao asali, kabla hawajapewa shoka.