Nishati Ni Nini? Habari ya Maji, Daftari na Mlima Wetu

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, akiwa njiani kuja Uchagga, aliuona weupe juu ya kilele cha mlima wetu. Kiongozi wake hakuwa na jina la kuuita weupe ule ila baridi. Mwezi ule ule Rebmann alifika Kilema kwa Mangi Masaki. Habari yake ya theluji ilipochapishwa mwaka 1849, mtaalamu mmoja wa London, Desborough Cooley, aliikana kabisa. Basi kiongozi, asiyekuwa na jina la theluji, alisema kweli kwa kutaja tendo lake. Na bwana mwenye jina na vitabu alikosea.

Twaanza na habari hii kwa kuwa neno nishati lina hali kama hiyo. Twasikia kwamba mto una nishati, ndizi ina nishati, jua latoa nishati. Lakini tukiulizwa nishati yenyewe ni kitu gani, wengi wetu twadhani ni kama maji yasiyoonekana, yakaayo ndani ya vitu na kumiminika toka kimoja hata kingine. Wataalamu wa Ulaya nao walidhani hivyo juu ya joto kwa muda mrefu. Aliyewatoa katika dhana hiyo ni James Joule, mwana wa mpika bia wa Salford, Uingereza.

Katika miaka ya 1840 Joule alifunga mawe ya mizani kwa kamba, akayaacha yashuke polepole, na katika kushuka yakazungusha mapanga ndani ya chombo cha maji. Maji yakapata joto kidogo, wala hapakuwa na moto. Alipopima mara nyingi aliona kwamba mshuko ule ule daima huzaa joto lile lile. Mwaka 1847, yaani mwaka mmoja kabla ya Rebmann kufika Kilema, Joule alieleza kazi yake kwa wataalamu, na mwaka huo huo Hermann Helmholtz wa Ujerumani alionyesha kwamba kanuni hiyo yahusu mambo yote ya maumbile.

Na tuipime hapa kwetu. Tuseme debe la maji lenye kilo 20 laanguka toka urefu wa meta 427, bila kupoteza kitu njiani. Likitulia chini, maji yake yatakuwa na joto lililozidi kwa digrii 1 tu. Ndiyo maana maji ya mfongo hayachemki yafikapo shambani, ingawa yameshuka toka msituni. Tena, ndizi moja mbivu ina nishati kadiri ya mara tano ya ile itakiwayo kulipandisha debe hilo mpaka juu. Lakini mwili wetu hugeuza sehemu kubwa ya chakula kuwa joto, nao wenyewe una uzito wa kupandishwa. Kwa hiyo achotaye maji bondeni hatosheki na ndizi moja!

Je, ni kitu gani kilicho kimoja katika debe lililo juu, maji yenye joto na ndizi? Si kitu cha kushikwa. Ni hesabu. Fikirini daftari la chama cha kahawa, kama vile vilivyoungana katika KNCU mwaka 1933. Tarakimu iliyoandikwa daftarini si kahawa, wala si fedha, huwezi kuinywa. Lakini kahawa ikitoka, fedha ikaingia, na deni likalipwa, lazima hesabu ilingane. Nishati ndivyo ilivyo: ni hesabu ambayo maumbile hayaibadili, hata mambo yote yakigeuka.

Hesabu hiyo ilijaribiwa vikali. Wataalamu walipima chembe zitokazo katika viini vya atomi fulani vinavyogeuka, wakaona nishati iliyotoka ni pungufu. Niels Bohr wa Denmark alikuwa tayari kusema kwamba huenda huko kanuni haishiki. Mwaka 1930 Wolfgang Pauli alikataa. Alifanya kama karani mwaminifu akosaye kilo kadhaa ghalani: hakulichana daftari, bali alisema yupo mchukuzi asiyeonekana. Mchukuzi huyo, chembe iitwayo nyutrino, alionekana kwa vyombo vya Clyde Cowan na Frederick Reines huko Marekani mwaka 1956. Miaka 26 daftari lilisadikiwa kabla ya ushahidi kufika.

Lakini kwa nini hesabu hulingana? Jibu lilitolewa na mwanamke, Emmy Noether, katika mji wa Göttingen, wakati ambapo wanawake hawakuruhusiwa kufundisha pale kwa jina lao wenyewe. Mwaka 1918 alitangaza uthibitisho wake: kanuni za maumbile zikiwa leo ni zile zile za jana, lazima ipatikane hesabu moja isiyobadilika, nayo ndiyo nishati. Kama uzito wa debe ungezidi kila Jumatatu na kupungua kila Jumanne, mtu angelipandisha Jumanne na kuliangusha Jumatatu, akapata faida ya bure. Kwa kuwa siku hazina upendeleo, faida ya bure haipo.

Albert Einstein aliongeza mwaka 1905 kwamba uzito wa vitu nao huandikwa katika daftari hilo. Jua, kwa kuangaza tu, hupungua zaidi ya tani milioni 4 kila sekunde. Tena kuna mpaka. Ulimwengu mzima unatanuka, wala haukai vile vile siku zote. Kwa hiyo hesabu yake yote pamoja haifungwi kwa urahisi kama ya chombo cha Joule.

Basi, akija mtu kutuuzia mashine itoayo nishati daima bila kupokea kitu, tusimwulize ina magurudumu mangapi. Tumwombe daftari. Maji ya mlima wetu hushuka hata Nyumba ya Mungu, tena hata Hale na Pangani, yakizungusha mitambo ya umeme. Na kila taa iwakayo imelipiwa kwa mshuko wake. Wazee walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.