Kuupima Mtambo Unaopima Mtambo Mwingine

Leo tunazungumza habari za kompyuta.

Kompyuta ya kwanza nchini kwetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta iliharibika, ikaleta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yamekwisha zamani. Mimi naona swali gumu lilikuwa hili: ubovu u wapi, katika mashine, katika programu, au kwa watu wanaoitumia?

Mnalijua swali hilo kwenye mashine ya kusaga. Unga unatoka chenga chenga. Je, kosa ni la injini au la kinu? Fundi mwerevu huufungua mkanda, akaufunga kwenye injini yake mwenyewe. Kinu kikisaga vema, injini ya mwenye mashine ndiyo mbovu.

Mwaka ule ule wa 1974 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa iitwayo 8080, yaani ubongo wa kompyuta katika kipande kidogo chenye miguu 40. Programu ilipokwama, fundi hakuweza kuchungulia ndani. Basi mwaka 1975 Intel ikatoa ICE-80, mtambo wa aina iitwayo emuleta. Fundi aliing'oa prosesa katika kompyuta aliyoijaribu, akachomeka pale pale waya wa emuleta, nao una miguu 40. Emuleta ikashika kazi ya ubongo. Lakini sasa fundi aliweza kuisimamisha, akaiendesha hatua moja moja na kusoma kila tarakimu.

Lakini je, injini ya fundi ikiwa mbovu? Mwenye mashine atanunua kinu kipya bure! Kwa hiyo emuleta yenyewe hupimwa kwanza. Fundi huzima umeme, huhakikisha mguu wa kwanza umeingia tundu la kwanza, ndipo huwasha na kuendesha programu fupi ambayo jibu lake analijua, akitumia kumbukumbu ya emuleta tu. Jibu likiwa sawa, huingiza kumbukumbu ya kompyuta, sehemu kwa sehemu. Jibu linapoharibika, hutafuta ubovu katika sehemu aliyoiingiza mwisho. Kazi hii huchosha, na mafundi wenye haraka huiruka.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni: injini, mkanda, kinu. Mbele ya kila neno andikeni kitu kinachofanana nacho katika habari ya emuleta.