Linux na "sasisho la Flash": kwa nini redio haisikiki kwenye kompyuta yako

Unafungua ukurasa wa redio, sauti haitoki, kisha kinajitokeza kidirisha kinachokutaka usasishe Flash Player. Usikibonyeze. Adobe, kampuni iliyotengeneza Flash, iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikaizuia isifungue chochote. Anayekuletea "toleo jipya" leo huenda anakuletea kirusi.

Tunalieleza hili kwa sababu shule na vituo vya vijana huku kwetu Bagamoyo hutumia kompyuta za msaada, na nyingi kati ya hizo zingekuwa zimeshatupwa kama si Linux. Mfumo huu si mgeni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

Flash ilikuwa programu-jalizi, yaani programu inayochomekwa kwenye kivinjari ili kifanye kazi kisichoiweza chenyewe. Watumiaji wa Linux waliachwa mapema. Mwaka 2012 Adobe ilitangaza kwamba 11.2 ndilo toleo la mwisho kwa Firefox ya Linux, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu. Matoleo mapya yalipatikana ndani ya Chrome. Ilibadili msimamo mwaka 2016, lakini wakati huo vivinjari vilikwisha kuanza kuzifungia mlango programu-jalizi zote. Firefox iliitoa Flash moja kwa moja katika toleo la 85, Januari 2021.

Siku hizi kivinjari hucheza sauti chenyewe. Kikiwa kimya kwenye Linux, angalia kodeki: Firefox hutegemea zile za mfumo kwa sauti ya AAC, ambayo redio nyingi hurusha. Kwa Ubuntu, weka kifurushi cha ubuntu-restricted-extras. Kivinjari nacho kisasishe kupitia mfumo wenyewe, si kwa faili lililopakuliwa kwenye tovuti usiyoijua. Andika sudo apt update, kisha sudo apt upgrade. Firefox ya aina ya snap hujisasisha yenyewe.

Kwa mashine kuukuu tatizo ni kubwa zaidi. Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Firefox ikafuata kwa toleo la 145, Novemba 2025. Andika uname -m. Ukiona i686, mfumo wako ni wa biti 32. Lakini hapo usikate tamaa: andika pia lscpu, utazame mstari wa "op-modes". Ukionyesha 64-bit, kichakataji kinaweza kubeba Linux ya biti 64, iliyowekwa ni ndogo tu. Hifadhi kazi zako kwenye flashi, usimike upya toleo jepesi kama Xubuntu, kabla hujaiita kompyuta hiyo chuma chakavu.