Mzimu wa Kisiwani: Oro wa Hadithi na Oro wa Kweli

Wasomao hadithi za safari na hatari wanakijua kisiwa hiki hata kabla hawajakifikia. Kiko mbali baharini. Katikati yake umesimama mlima uliokuwa ukitoa moto zamani. Na katika mlima huo mna mzimu ambao wenyeji hawathubutu kuukaribia. Wageni wavunjikiwa na chombo na kutupwa pwani. Waonywa, wasisikie; waingia mzimuni, na humo waona jambo la ajabu ambalo wenyeji, waliolilinda vizazi na vizazi, hawakulijua kamwe. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani: "Mwalimu, ikiwa wenyeji hawakijui kilichomo, walikuwa wakilinda nini?" Siku ile sikuwa na jawabu. Makala haya ndiyo jawabu nililochelewa kulitoa.

Tutazame kwanza mfano ulio wazi kuliko yote. Mwaka 1919 H. Rider Haggard, mwandishi Mwingereza, alitoa hadithi iitwayo When the World Shook. Waingereza watatu, mmoja wao kasisi na mwingine tabibu, watupwa na tufani katika kisiwa cha Bahari ya Pasifiki kiitwacho Orofena. Ndani ya kisiwa hicho mna ziwa, nalo limejaa katika kinywa cha volkano iliyozimika; na katikati ya ziwa pana kisiwa kidogo, makao ya mungu Oro, ambacho ni mwiko kukikanyaga. Kasisi aiteketeza sanamu ya mungu huyo. Wenyeji waghadhibika, na wageni wakimbilia pale pale palipokatazwa. Ndani ya pango wamkuta Oro mwenyewe na binti yake Yva, wamelala katika majeneza ya bilauri kwa muda wa miaka 250,000. Hawa si wazee wa watu wa Orofena. Ni mabaki ya taifa jingine, lililokuwa na elimu kubwa kabla ya wenyeji hao kuwako.

Hadithi yenyewe ni tamu, wala sikusudii kumzuia mtu asiisome. Lakini kisiwa cha Orofena ni cha kubuni, na jina la Oro si la kubuni. Oro alikuwa mungu wa vita aliyeabudiwa katika visiwa vya Tahiti na jirani zake, na kiti chake kikuu kilikuwa Raiatea, kisiwa kilichozaliwa na volkano, yapata kilomita 200 kaskazini-magharibi ya Tahiti. Moto wake ulizimika zamani sana. Juu yake uko mlima Temehani, ambao wenyeji wauheshimu, na juu ya mlima huo lamea ua moja jeupe, tiare apetahi, ambalo petali zake zote zimeelekea upande mmoja mfano wa vidole vya mkono. Ua hilo halioti mahali pengine popote duniani.

Mzimu wa Oro haukuwa pangoni. Ulikuwa, na mawe yake yangalipo hata leo, pwani ya Opoa, mahali paitwapo Taputapuatea. Ni uwanja mpana uliotandikwa mawe, wazi juani na kwenye upepo, nao umeelekeana na mlango wa mwamba wa matumbawe upitwao na vyombo viingiapo kutoka bahari kuu. Hapo wakuu walivikwa mshipi wa manyoya mekundu, alama ya enzi yao. Hapo sadaka zilitolewa, na baadhi yake zilikuwa za wanadamu. Haifai kulificha jambo hilo kwa sababu tu twawatetea wenyewe. Na kutoka hapo ibada ya Oro ilienea, hata mizimu mingine yenye jina lile lile ikajengwa katika visiwa vingine. Mahali pa namna hiyo hapawezi kuitwa maficho. Palikuwa bandari ya dini na ya utawala.

Na walinzi wake walijua nini? Jawabu twalipata kwa mtu mmoja, Tupaia, mzaliwa wa Raiatea. Alikuwa kuhani wa Oro na papo hapo nahodha. Wapiganaji wa Bora Bora walipokivamia kisiwa chake, alikimbilia Tahiti, na huko mwaka 1769 akapanda merikebu ya James Cook iitwayo Endeavour. Mwezi wa Julai mwaka huo yeye ndiye aliyewaongoza Waingereza hadi Raiatea. Aliwasaidia kuchora ramani ya visiwa zaidi ya 70, vilivyotapakaa katika sehemu kubwa ya Pasifiki, ambavyo vingi vyao hakuna Mzungu aliyekuwa amevitia machoni. Walipofika New Zealand, Tupaia alisema na Wamaori wakasikilizana, ijapokuwa mababu zao walikuwa wameachana kwa karne nyingi. Alifariki Batavia, ambayo leo ni Jakarta, mwezi wa Desemba 1770, asirudi kwao tena.

Hebu msomaji aziweke habari hizi mbili mizani moja. Katika hadithi, mgeni ndiye mwenye elimu, na kuhani ni mtu wa hofu na kelele. Katika historia, kuhani ndiye aliyempa mgeni ramani. Siri ya mzimu wa Opoa ilikuwa elimu: majina ya visiwa, mwendo wa nyota, nasaba za wakuu na njia za baharini. Haikulala jenezani, ilikaa vichwani mwa watu waliozaliwa hapo hapo, nao waliirithishana kwa mafundisho.

Wamisionari wa London walifika Tahiti mwaka 1797. Baada ya mfalme Pomare II kushinda vita mwaka 1815, sanamu za miungu zilichomwa au zilitolewa mikononi mwa wageni, na mizimu ikaachwa. Kwa hiyo moto wa kasisi wa Haggard una asili katika mambo yaliyotukia. Tofauti ni kwamba katika mambo yaliyotukia wenyeji walishiriki wenyewe katika uamuzi ule, wengine kwa imani, wengine kwa siasa. Hata katika kuiacha dini yao hawakuwa watazamaji.

Pengine msomaji atauliza: Pasifiki yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu Haggard tulimpokea mapema. Hadithi yake ya mwaka 1885, King Solomon's Mines, ilifasiriwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na vijana wengi waliosoma Kiswahili shuleni waliinukia nayo. Humo nako hazina na majengo ya kale si kazi ya wenyeji wa nchi; ni kazi ya wageni wa zamani. Mlinzi mmoja tu, bibi kizee Gagool, aijua njia, naye amefanywa mchawi na kusagwa na jiwe. Ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1929, mwanachuoni Gertrude Caton-Thompson alikuwa akichimbua magofu ya Zimbabwe, akathibitisha aliyokwisha kuyasema David Randall-MacIver mwaka 1905: kwamba yalijengwa na Waafrika. Hivyo elimu ilikuwa ikilibomoa dai lile wakati hadithi ilipokuwa ikitufikia kwa lugha yetu wenyewe.

Waandishi wetu hawakukaa kimya. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya uandishi kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Humo mna mzimu na mna maiti, na mna watu wanaonong'ona. Lakini anayeingia kupeleleza ni Bwana Msa, mtu wa hapo hapo, na kiko chake mdomoni, naye amtafuta muuaji miongoni mwa wanadamu kwa hoja. Kiko hicho chatukumbusha Sherlock Holmes. Kukopa si aibu. Alichokataa Abdulla kukikopa ni ile dhana ya kwamba akili lazima ishuke kutoka merikebuni.

Na watu wa Pasifiki nao waliurudia mzimu wao. Mwaka 1976 chombo Hokule'a kilisafiri kutoka Hawaii hadi Tahiti, mwendo wa kilomita zipatazo 4,000, pasipo dira, kikiongozwa na Mau Piailug kwa nyota na mawimbi. Mwaka 1995 vyombo vya visiwa mbalimbali vilikutana Taputapuatea, vikiingia kwa mlango ule ule wa mwamba. Mwaka 2017 UNESCO iliutia mahali hapo katika urithi wa dunia.

Basi jawabu langu kwa mwanafunzi yule ni hili: walikuwa wakilinda walichokijua. Nanyi mtakaoandika hadithi za mizimu ya nchi yetu, pigeni hodi kwanza mmwulize mlinzi, kabla hamjambuni wa kumshinda.