Mzee wa Newcastle na picha ya pauni 140,000

Watu wengi walioitazama The Duke, filamu ya mwisho ya hadithi kuongozwa na Roger Michell kabla hajafariki mwaka 2021, walitoka wakicheka wakidhani kisa kimetungwa. Hakikutungwa. Kempton Bunton, ambaye Jim Broadbent anamwigiza huku Helen Mirren akiwa mkewe, alikuwa dereva mstaafu wa basi mjini Newcastle, na kesi yake ilibadilisha sheria za Uingereza.

Mwaka 1961 tajiri wa Kimarekani alinunua picha ya Duke wa Wellington iliyochorwa na Francisco Goya, kwa pauni 140,000. Uingereza haikukubali sura ya shujaa wake wa vita vya Waterloo ivuke bahari. Mfuko wa hisani ulitoa pauni 100,000, hazina ya serikali ikaongeza 40,000, na picha ikatundikwa katika jumba la sanaa la National Gallery, London. Hata mwezi haukuisha: usiku wa kuamkia Agosti 21 ikaibwa. Hata watengenezaji wa filamu ya kwanza ya James Bond, Dr. No, waliiweka nakala yake katika makao ya adui, kana kwamba ndiye aliyeiiba.

Zikaanza kuja barua. Mwandishi wake alitaka pauni 140,000 zitolewe kwa hisani, maskini walipiwe leseni za televisheni, yaani ada ambayo Mwingereza hulipa ili atazame televisheni nyumbani. Bunton alikuwa na uchungu na jambo hilo. Alikwisha kufungwa jela kwa kukataa kulipia leseni, akiamini kwamba mzee anayeishi peke yake hapaswi kutozwa kwa kitu pekee kinachomsemesha nyumbani. Mwaka 1965 picha ikapatikana katika ofisi ya kuhifadhi mizigo, kituo cha treni cha Birmingham. Fremu haikuwamo. Wiki chache baadaye Bunton akajisalimisha polisi.

Kesi yake katika mahakama ya Old Bailey, Novemba 1965, ndiyo kiini cha kisa hiki. Wakili wake, Jeremy Hutchinson, hakupoteza muda kubisha kwamba mteja wake alikuwa na picha ile. Alishika neno moja la sheria: mwizi ni yule anayechukua mali akikusudia kumnyang'anya mwenyewe moja kwa moja. Bunton alikusudia kuirudisha tangu mwanzo, na aliirudisha. Jaji aliwaeleza wajumbe wa jopo, raia wa kawaida wanaoamua kesi, kwamba wakiamini hivyo hawana budi kumwachia. Wakaamini. Kwa picha ya pauni 140,000 hakuwa na hatia. Lakini fremu haikurudishwa, hivyo wakamtia hatiani kwa fremu, akafungwa miezi mitatu. Bunge liliona pengo hilo, na Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 ikafanya kuwa kosa kuondoa bila idhini kitu kilichowekwa kwenye maonyesho ya umma, hata kwa nia ya kukirudisha.

Filamu imeifinya miaka minne kuwa miezi michache, nami siilaumu. Inachokitendea haki ni mapenzi ya baba. Majalada yaliyofunguliwa mwaka 2012 yanaonyesha kuwa mwaka 1969 mmoja wa wanawe aliungama kwamba yeye ndiye aliyeingia kupitia dirisha la choo. Hakushtakiwa. Mzee alikuwa ameubeba mzigo usio wake mbele ya jaji, na alikufa mwaka 1976 bila umma kujua.

Na zile leseni alizozililia? Leseni ya bure kwa waliotimiza miaka 75 ilianza mwaka 2000. Agosti 2020 BBC, shirika la utangazaji linaloendeshwa kwa ada hiyo, iliiondoa, ikawaachia tu wanaopata msaada wa serikali kwa wazee wenye kipato kidogo. Serikali na shirika hilo wametupiana mpira kuhusu nani alipe. Huo si uungwana kwa watu waliolitumikia taifa maisha yao yote. Kama mwaka 1961 taifa hilo lilipata pauni 140,000 kwa ajili ya picha moja, haliwezi kusema halina cha kuwalipia wazee wake.