Raleigh ya Pamba

Babu alinunua Raleigh kwa pesa ya pamba, enzi za Victoria Federation, shirikisho la ushirika lililoundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani. Baiskeli ilishauzwa, mimi nilirithi spana.

Hapa Mwanza mteja akiniletea baiskeli iliyotumika, siangalii rangi wala kengele. Naipindua miguu juu, nazungusha gurudumu, nasogeza ukucha karibu na rimu. Ikigusa sehemu moja tu, nalegeza spoku hii, nakaza ile, inanyooka. Kisha napapasa fremu nyuma ya shingo. Rangi ikikunjamana pale, baiskeli iligonga kitu, hata muuzaji aape. Miaka ya 1980, vipuri vilipoadimika, mafundi walinyoosha hata uma kwa moto. Mimi uliopinda nautupa. Gololi nabadilisha zote, na mteja hununa.